Picha kavu na picha ya dawa: mpiga picha wa Tanga aikagua CT scan yake

Nianze na hela iliyopotea. Mwaka jana mwezi wa tatu nililipa shilingi 250,000 kupigwa CT scan ya tumbo (picha ya mionzi ya ndani ya mwili) bila dawa, ndiyo picha kavu, kwa kuwa kijana wa dirishani aliniambia yenye dawa ni 380,000, na "zote zinaonyesha tu, mzee". Baada ya siku tatu nikapewa karatasi: kwenye ini kuna vidoa vitatu, havijulikani ni vya nini, inashauriwa picha irudiwe kwa dawa. Nikalipa tena. Jumla 630,000 kwa jibu la 380,000, na katikati hapo wiki tatu za kukesha nikitazama dari.

Kituo hicho cha kwanza sikitaji. Cha pili nacho sikitaji, ingawa ndiko nilikopata huduma ninayotaka kuisifu, maana nacho nina ya kukisema. Ninachokikagua hapa hasa ni ile dawa yenyewe, wenyewe wanaiita kontrasti, na mambo yanayoizunguka tangu unapopiga simu mpaka unapokabidhiwa CD.

Mie ni mpiga picha. Studio yangu iko Ngamiani, Tanga, tangu enzi za picha nyeusi na nyeupe za kusafishwa kwenye chumba cha giza kwa mikono. Nimepiga paspoti, maharusi, Maulidi yasiyo idadi, na maiti wawili watatu kwa ombi la jamaa zao. Kwa hiyo nikikaa mbele ya picha, hata kama ni ya ini langu mwenyewe, siwezi kuitazama kama mgonjwa tu. Saratani yangu ilikuwa ya utumbo mpana. Nilipasuliwa, kipande cha utumbo kikatolewa, nikachomwa dripu za kemo mizunguko 8, nikaambiwa niwe nakwenda kuangaliwa Dar es Salaam kila baada ya miezi 6. Ndiyo safari zenyewe hizi.

Sasa kwa nini picha kavu haikufaa? Mionzi ya eksirei inaona vizuri vitu viwili: mfupa, unaotoka mweupe, na hewa, inayotoka nyeusi. Katikati hapo ni nyama, na nyama yote ina rangi ya majivu. Ini majivu, damu iliyomo ndani ya ini majivu, na kidoa cha saratani kilichojificha humo nacho majivu yaliyokolea kidogo sana. Mashine inapima weupe huo kwa namba. Ini kavu huwa kwenye 55 au 60 hivi, na kidoa kinaweza kuwa nyuma yake kwa hatua chache tu. Ni kama mteja amekuja na kanzu nyeupe, ukamsimamisha mbele ya ukuta wa chokaa saa sita mchana. Umempiga, yumo, lakini utamwona nani?

Sisi studio tukikosa kontrasti, yaani tofauti ya weupe na weusi, tunahamisha taa, au tunabadili karatasi, au tunaiacha picha kwenye dawa ya kusafishia muda zaidi. Wao taa hawaigusi. Wanamtia rangi mteja kwa ndani.

Rangi hiyo ni iodini. Ni elementi nzito, namba 53 kwenye jedwali, na uzito huo ndio unaoifanya inase mionzi. Inaingia kwenye mshipa wa mkono, inapita moyoni, inasambaa na damu mwili mzima, na kila inapofika damu nyingi panakuwa peupe. Ini langu lililokuwa 55, likishanyweshwa dawa linapita 100. Kidoa cha saratani kina mishipa yake ya kubabaisha, hakinywi damu kwa mwendo ule ule wa ini, basi kinabaki nyuma, cheusi katikati ya weupe. Hapo hata mtoto wa shule anakiona.

Niliomba kuishika chupa. Yule kijana wa mionzi akacheka, lakini akanipa. Mililita 100, imeandikwa iohexol 350. Haina rangi, ni kama maji, ila ukiiinamisha inatembea polepole kama shira ya kaimati iliyopoa. Wanaiweka kwenye kikabati cha joto ipate joto la mwili, kwa sababu ikiwa baridi inazidi kuwa nzito na pampu inahangaika kuisukuma. Ile 350 maana yake kila mililita moja ina miligramu 350 za iodini. Nikapiga hesabu palepale kwa simu: gramu 35 za iodini kwa chupa moja. Mtu mzima anahitaji kama maikrogramu 150 kwa siku, yale madini joto tunayohimizwa tuyapate kwenye chumvi ya pakiti tusiote rovu. Kwa hesabu hiyo nilikuwa naenda kudungwa madini joto ya miaka zaidi ya 600 kwa nusu dakika.

Usiogope kama nilivyoogopa mie. Iodini ya kwenye chupa hii haiko huru. Atomu tatu tatu zimefungwa kwenye molekuli moja kubwa, nazo zinapita mwilini zikiwa bado zimefungwa na kutoka kwa njia ya mkojo. Figo zikiwa nzima, ndani ya siku moja karibu yote imekwenda chooni. Inayoachia ni chembe tu. Ila chembe hiyo nayo ina watu inaowahusu, nitawafikia.

Hapa niseme jambo la kazi yangu, mniwie radhi. Iodini mie si mgeni nayo. Picha za Mfaransa Daguerre, zilizotangazwa kwa dunia mwaka 1839, zilipigwa kwenye bati lililopakwa fedha na kufukizwa mvuke wa iodini. Filamu zetu nyeusi na nyeupe nazo zilikuwa na fedha iliyochanganywa na bromini pamoja na iodini kidogo. Elementi hiyo iligunduliwa mwaka 1811 na Mfaransa Bernard Courtois kwenye majivu ya mwani. Binti yangu aliposikia mwani akadhani chupa zile zinatoka Paje au Jambiani wanakolima akina mama. La. Mwani wa Unguja unakwenda kutengenezea utelezi wa kwenye vyakula na dawa za meno. Iodini ya dunia leo inachimbwa zaidi Chile, kwenye jangwa, na Japani kwenye maji ya chumvi ya ardhini. Lakini nilipenda kwamba kitu kilichonilisha miaka yote ndicho kilichokuja kunipiga picha.

Turudi dirishani. Kituo cha pili walinipigia siku moja kabla: nisile kuanzia saa nne usiku. Nikafika saa mbili asubuhi, nimetoka kwa binti yangu Mbagala na daladala mbili. Nikaitwa ndani saa nane na robo mchana. Mie mgonjwa wa sukari. Saa tano nilianza kutetemeka, muuza juisi wa getini akanitazama kwa huruma, nikamwambia siruhusiwi. Baadaye daktari bingwa wa radiolojia mwenyewe ndiye aliyeniambia kufunga huko ni mazoea ya enzi za dawa za zamani zilizokuwa zikitapisha watu. Miongozo ya Ulaya siku hizi haidai mtu afunge kwa dawa hii. Sasa kama daktari analijua na anayepiga simu halijui, anayetetemeka ni nani? Hapo nawapunguzia nyota mbili nzima. Ukiwa na sukari, uliza mapema, tena waeleze unameza nini na saa ngapi.

Vidonge vyenyewe vya sukari vilileta kizaazaa kingine. Natumia metformini. Dirishani wakasema niache siku mbili kabla. Daktari akauliza kwanza: "Kipimo cha figo kiko wapi?" Nilikuwa nacho, kreatinini ya wiki ile, na kwa hesabu yao figo zangu zilikuwa kwenye 71. Akasema endelea kumeza kama kawaida. Wanaoambiwa waache ni wale ambao namba hiyo imeshuka chini ya 30, au figo zao zimeumwa ghafla. Hao huacha kwa saa 48 baada ya dawa, wapimwe tena, ndipo waendelee. Nami nilikuwa nimesikia mtaani kwamba dawa hii "inaua figo". Daktari hakuicheka hofu hiyo. Alisema mwenye figo dhaifu anapimiwa faida na hatari, pengine anawekewa dripu ya maji kwanza. Mwenye figo nzima anywe maji tu. Fika na karatasi ya kreatinini mkononi. Wenzangu wawili siku ile walirudishwa kwa kukosa karatasi hiyo, mmoja ametoka Ifakara.

Halafu swali la pweza. Kwenye fomu wameandika: "Je, una mzio wa samaki au vyakula vya baharini?" Mtu wa Tanga unaulizwa kama una mzio wa samaki! Nikaandika hapana, ila jirani yangu wa benchi, mama anayevimba midomo akila kamba, alianza kulia akijua sasa hapigwi. Hana sababu ya kulia. Kinachomvimbisha mtu kwenye kamba ni protini ya nyama ya kamba, iodini haihusiki. Ni imani ya zamani iliyobaki kwenye fomu. Swali la maana ni moja: je, umewahi kudungwa dawa hii hii ikakudhuru? Palikuwa na mwingine aliyewahi kututumka vipele mwili mzima mwaka juzi. Yeye alikuwa amemezeshwa prednisoloni, dawa ya kutuliza mzio, tangu usiku, kwa saa zilizopangwa, na mwishoni alitoka salama. Kwa hiyo ukiwahi kudhurika, sema jina la dawa kama unalijua. Mie langu nimeliandika nyuma ya kadi ya hospitali.

Aliyenisikitisha hasa ni dada mmoja aliyetoka Singida. Yeye saratani yake ilikuwa ya tezi ya shingo. Alishafanyiwa upasuaji na alikuwa amepangiwa kunywa iodini ya mionzi, ile inayotafuta mabaki ya tezi na kuyaunguza. Tiba hiyo inategemea mabaki yawe na njaa ya iodini. Yakishashiba ya kawaida, ya mionzi hayaipokei. Sasa kuna mahali walimpiga CT ya kifua kwa dawa bila kumuuliza chochote, na ile chembe ya iodini inayoachia, niliyoitaja pale juu, ikatosha kumshibisha. Akaambiwa angoje kama miezi miwili. Nauli mara mbili, ruhusa kazini mara mbili, na hofu isiyo na hesabu. Siku ile tulipokutana alikuja kwa ultrasaundi, na kila aliyevaa koti jeupe akipita alikuwa anamwambia kabla hajaulizwa: "Mie wa tezi, msinidunge." Nawaombeni wenye saratani ya tezi mjitambulishe hivyohivyo, na wenye tezi inayofanya kazi kupita kiasi pia.

Mshipa. Hapa ndipo nilipokutana na mtu bora wa siku nzima. Dripu za kemo zimenimaliza mishipa, mikono yangu ni kama kamba za katani zilizokauka. Mwanafunzi mmoja alishanichoma kanula ya bluu, kile kimrija chembamba cha dripu, nyuma ya kiganja, nikawa nimekaa nayo. Akaja sista.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu."

"Kemo umechoma ngapi?"

"Nane."

"Basi nisikudanganye, tutatafutana. Na hii ya bluu naitoa, haitaiweza pampu."

Pampu inasukuma mililita 3 kwa kila sekunde. Kijiko cha chai kizima kabla hujamaliza sekunde mbili. Mshipa mwembamba wa kiganja unaweza kupasuka, dawa ikamwagikia ndani ya nyama. Yule sista akanifunga mpira, akanikandia kitambaa cha moto kwenye kiwiko dakika kama tano, huku ananiuliza habari za Tanga na kama mabasi bado yanasimama Segera kwa muda mrefu. Kisha akapapasa kwa kidole, hakutazama hata, akaingiza kanula ya pinki, nene zaidi. Mara moja. Akasukuma maji ya chumvi kwa bomba la mkono kwanza, akiuliza "panauma? panavimba?", ndipo akaridhika. Siku moja kabla, mzee mmoja wa Kilwa alivimba mkono kama andazi kwa kukosa hatua hiyo hiyo mahali pengine. Walimwinulia mkono, wakamwekea barafu, ukapungua wenyewe; lakini picha ilikuwa imeharibika, maana dawa ilibaki mkononi. Sista huyu nampa nyota zote alizonazo mwenye nyota. Wale mliowekewa kile kidude cha dripu chini ya ngozi ya kifua, ulizeni kabla: si vyote vinastahimili kishindo cha pampu.

Mezani sasa. Nilivuliwa mkanda na saa, nikabaki na kikoi changu. Mikono juu ya kichwa. Mashine ni pete kubwa, si pango kama ile ya MRI, hivyo anayeogopa kubanwa asiwe na shaka sana. Sauti ya spika ikaniambia nitasikia joto.

Joto! Hili hakuna aliyelieleza sawasawa. Linaanzia kooni, linashuka kifuani, linakwenda mpaka sehemu ambazo siwezi kuziandika mbele ya wajukuu. Mdomoni ladha ya sarafu, kama nimelamba shilingi ya zamani. Halafu unapata yakini kabisa kwamba umejikojolea. Niliapa kwamba nimejikojolea. Nikaanza kupanga nitatokaje na kikoi kimelowa mbele ya yule sista. Hakuna kitu, ni dawa inayotanua mishipa. Ndani ya dakika moja limeisha, kikoi kikavu kabisa.

Chanzo cha joto hilo kina hadithi niliyoipenda. Dawa za zamani zilikuwa chumvi hasa, na zilikuwa nzito mara tano au zaidi kuliko damu kwa nguvu ya kuvuta maji. Zilikuwa zinachoma, zinatapisha. Daktari mmoja wa Sweden, Torsten Almén, aliwaza kuhusu macho ya mtu anayeogelea: bahari yenye chumvi nyingi inawasha, maji yenye chumvi kidogo hayawashi. Akapendekeza mwishoni mwa miaka ya 1960 molekuli isiyovunjika kuwa chumvi. Kutoka kwenye wazo hilo kampuni ya Norway ikatengeneza dawa za namna mpya, na iohexol ni mtoto wao. Mtoto yeyote wa Raskazone, ufukweni kwetu Tanga, aliyefumbua macho chini ya maji angemwelewa Almén bila darasa. Hata hivyo hii ya 350 bado ina nguvu karibu mara tatu ya damu, ndiyo maana joto halijaisha kabisa. Ipo nyingine, iodixanol, iliyosawazishwa na damu. Sijaijaribu, na bei yake sikuipenda.

Nilitaka kusema kuhusu muda. Katika chumba cha giza saa haionekani, na marehemu mwalimu wangu alinifundisha kupima kwa kusoma sura ya Kulhuwallahu: moja kwa mwendo wa kawaida ni sekunde 10. Sita kwenye dawa ya kwanza, moja kwenye maji, na kadhalika. Basi pampu ilipolia nikaanza kusoma, nusu kwa hofu, nusu kwa mazoea ya kazi. Nilipokuwa ndani ya ya nne, pampu ikanyamaza, "vuta pumzi… zuia", meza ikapita. Nikaendelea. Ya saba ilipoisha, "vuta pumzi… zuia", ikapita tena. Sekunde 70, sawasawa kama tulivyokuwa tukivuta picha kutoka kwenye beseni. Halafu kimya kirefu, kama dakika tatu, na pasi ya mwisho, yaani meza kupita mara ya mwisho.

Nilipomuuliza kijana wa mionzi akashangaa nimejuaje. Pasi ya kwanza inaikamata dawa ikiwa kwenye mishipa inayotoka moyoni. Saratani iliyoanzia kwenye ini lenyewe huwaka hapo, kisha hufifia. Ya sekunde 70 inaikamata ikiwa imeshajaa kwenye ini lote, na watoto wa saratani ya utumbo, yaani vivimbe vyake vilivyohamia kwenye ini, kama wapo, huonekana hapo kama matundu. Ya mwisho ni ya wale wanaonywa polepole: kivimbe cha mishipa ya damu kisicho na madhara hujaa kutoka pembeni kwenda ndani, taratibu. Kidoa kilekile kwa sekunde tofauti ni picha tofauti. Lakini kila pasi ni mionzi, kwa hiyo si kila mtu anapigwa tatu. Mie nilipigwa kwa sababu ya vile vidoa vitatu visivyo na jina.

Baada ya hapo nilikalishwa nusu saa na kanula ikiwa bado mkononi, endapo mwili ungekataa. Niliipenda nidhamu hiyo. Wakaniambia vipele vinaweza kuja hata baada ya siku kadhaa, nisivipuuze. Havikuja. Nikanywa chupa tatu za maji na, hatimaye, juisi ya getini.

Majibu: vidoa viwili ni mifuko ya maji tu, havikunywa dawa hata tone kwa pasi zote tatu. Cha tatu, milimita 14, kilibaki cheusi kwenye sekunde ya 70 na ukingo hafifu pembeni. Kipimo cha damu cha CEA, kinachofuatilia saratani kama yangu, nacho kilikuwa kimepanda. Mtoto wa saratani. Kwenye ile picha kavu vyote vitatu vilikuwa majivu kwenye majivu.

Lawama zangu kwa kituo cha pili hazijaisha. Majibu waliahidi kesho yake, yakaja siku ya nne. CD waliyonipa haikufunguka kwenye kompyuta ya hospitali ninakotibiwa, nikarudi kuchukua nyingine. Na ile filamu ya kuchapa! Wamebana picha 20 kwenye karatasi moja, kila moja ndogo kama ya kitambulisho, nyeusi imezidi. Mteja wangu wa paspoti angenirudishia. Picha nzuri namna ile imepigwa kwa dawa ya iodini na mashine ya mabilioni, inakwenda kuuliwa na printa. Chukua CD, filamu waachie.

Niliporudi baada ya miezi 6 na mizunguko ya dripu mpya, kwenye zamu palikuwa na mtu mwingine. Dawa ilikuwepo, ingawa alinisimulia kwamba mwaka 2022 kiwanda kimoja cha Shanghai kilipofungwa kwa sababu ya korona, hospitali za Marekani zilifikia kupimiana mililita. Alitaka kuniharakisha, apige mara moja mapema tu amalize foleni. Nikamwonyesha karatasi ya mwanzo, nimeshaipigia mstari kwa kalamu nyekundu: sekunde 70. Nikamwambia mwanangu, mie najua kazi ya picha. Ukitaka kujua kama mtu amekonda humpigi ya kwanza akiwa na koti na ya pili akiwa na fulana. Akanitazama, akacheka, akapanga saa yake. Nami nikasoma zangu saba.

Milimita 9.

Daktari aliziweka mbili pamoja kwenye kioo, ya mwanzo kushoto, ya sasa kulia. Ini lilelile, weupe uleule, mshipa uleule unaopinda kama barabara ya Lushoto, na lile tundu dogo limejikunyata. Nikamwomba aniachie niitazame kidogo. Akatoka kumwita mgonjwa mwingine, akarudi naye, akanikuta bado nimeinama kwenye kioo.